Meli Inayobembeleza

Leo naanza kwa kuwategea, wajukuu, na atakayeshindwa ajue nataka mji, tena mji wenye maji ya bomba na kivuli cha kutosha.

Akikutikisa kwa hasira, atakufikisha. Akikubembeleza kwa upole, usilale. Ni nani huyo?

Msikimbilie kusema mama mkwe. Nimewasikia! Shikeni majibu yenu mkononi, twende, maana wiki iliyopita tulimwacha mtu kashikwa shati.

Aliyeshikwa ni Serahangi, mkubwa wa mabaharia wa sitaha. Aliyemshika ni mkewe wa ndoa, yule mchora meli ambaye kwenye kiwanda cha kuunda meli wanamwita Penseli, kwa sababu penseli yake haikai mfukoni kama za wenzake, inakaa kichwani, imechomekwa kwenye nywele. Ndiye aliyepiga hesabu za meli hii ilipoongezwa ghorofa ya tatu. Leo ndiyo safari yake ya kwanza tangu iongezwe, imejaa watu juu mpaka chini, na Penseli kapewa nafasi ya mgeni wa heshima.

Mgeni wa heshima, lakini uso umemkunjamana. Alikuwa ameuliza swali moja tu:

"Mume wangu, siku ile tulipoipima meli, kamba ulizilegeza?"

Serahangi akafungua mdomo.

Honi ikalia.

Honi ya meli si kengele ya baiskeli, wajukuu. Ilinguruma mpaka vyuma vikaitikia. Penseli akaachia shati akaziba masikio, na alipogeuka, mume hayupo. Miguu tu inaonekana, inakwea ngazi mbili mbili.

"Wee! Sijamaliza na wewe!"

"Baba ananiita!"

Na huyo baba anayemwita si baba yake. Ni Nahodha, baba mzazi wa Penseli. Kazini ni mkubwa wake, nyumbani ni mkwewe. Maskini Serahangi hana pa kupumulia.

Penseli alisimama akisubiri kusikia kama ni moto, au mwamba, au mtu kaanguka majini.

Kipaza sauti kikakohoa. Ikatoka sauti ya Tajiri, mwenye meli, tamu kama ya mwuza mafuta ya nywele.

"Abiria wetu wapenzi! Mkono wa kulia! Pomboo! Njooni muone pomboo!"

Nani atasikia pomboo akabaki kitini? Watoto walitangulia, mama zao wakawafuata kuwashika, baba zao wakawafuata mama. Ghorofa zote tatu zikahamia upande wa kulia kwa kishindo kimoja.

Meli ikainama.

Hilo si ajabu. Meli yoyote ukiilemea upande itainama. Ajabu ni kwamba ilipoinama, ilikaa. Ikatulia hukohuko kwenye mwinamo wake, kimya, kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kufanya. Vikombe vikateleza. Mlango mmoja ukajifungua wenyewe.

Kisha, polepole, kwa uvivu mtamu, ikarudi.

Abiria wakapiga makofi!

"Loo, meli imekuwa tamu hii!" mzee mmoja alisema. "Zamani ilikuwa inatutupa huku na huku kama maharage kwenye ungo. Safari moja nilitapika mpaka soli za viatu."

"Sasa inabembeleza," jirani yake akajibu. "Mwanangu kalala tangu tuondoke."

Maneno hayo hayakumfurahisha Penseli hata kidogo. Maana asubuhi ile alikuwa amekwisha kufunga penseli yake kwenye uzi, akaining'iniza kwenye bomba la dari, akahesabu: meli inalala kulia, inakwenda kushoto, inarudi kulia. Hesabu zake zilisema atafika kumi. Alifika kumi, akapita. Alipokaribia ishirini ndipo meli iliporudi.

Alihesabu tena. Ikawa vilevile.

Wajukuu, mji wangu mmeuandaa? Jibu ni meli. Meli yenye nguvu huna raha nayo: ikiinama inajirudisha kwa ghadhabu, inakutapisha, inakuvunjia vikombe, na inakufikisha. Meli dhaifu ni mpole. Inachelewa kurudi kwa sababu nguvu ya kurudi ni haba. Inakubembeleza, unasinzia, unaisifu, mpaka siku inapolala upande ikaona hakuna haja ya kuamka.

Penseli akaanza kupanda kwenda kwa baba yake. Kwenye ghorofa ya pili akamkuta mama yake kajilaza kwenye kiti, chupa ya chai mapajani, macho yamefumbwa, kichwa kinakwenda na meli.

"Mama, amka."

"Niache. Meli hii imenikumbusha mgongo wa marehemu mama yangu."

"Mama, vaa koti la kuokolea. Lile la rangi ya chungwa, chini ya kiti chako."

Bibi yule akafumbua jicho moja. "Na joto hili? Linanipa mwili wa ng'ombe. Umegombana na mumeo nini? Kapita hapa mbio, hata shikamoo hakunipa."

"Nimemwuliza jambo, hakunijibu."

"Mwache mkwe wangu. Yule ni mtu. Unajua siku ile nilipowaletea chai pale gatini, mlipokuwa mnapima pima vitu vyenu? Ngazi ya kupandia ilikuwa inacheza kama meno ya babu yako. Nikasema mimi sipandi, nitaanguka watu wacheke. Mkwe wangu akakamata kamba ya nyuma huko, akaivuta na wenzake, wakaikaza. Ngazi ikatulia kama sakafu ya jikoni kwangu. Nikapanda kama malkia!"

Penseli alishika mgongo wa kiti.

"Baadaye akailegeza?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa namimina chai."

Hapa lazima niwaeleze kidogo, halafu tukimbie.

Siku ya kuipima meli, inaachwa ielee penye maji shwari, kamba zake zote zimelegezwa, iwe huru kama ng'ombe aliyefunguliwa. Kisha vipande vya chuma vizito vinasukumwa kutoka upande mmoja wa sitaha kwenda upande wa pili, na meli inainama kidogo. Chini kabisa tumboni mwake linaning'inia timazi, uzi mrefu wenye donge la madini ya risasi nchani, na ile risasi imezama ndani ya ndoo ya mafuta isichezecheze. Mchora meli anakodoa macho kuona uzi umesogea kiasi gani. Uzi ukisogea kidogo, meli ina nguvu. Ukisogea sana, ni dhaifu. Hesabu zote za ghorofa, za mizigo, za watu wangapi wapande, zinatoka kwenye ule uzi.

Lakini kamba moja ikibaki imekazwa, uzi unasema uongo. Ni kama mlevi aliyeshikwa kwapa na rafiki yake. Ukimwona kasimama wima, unasema huyu hajalewa.

Siku hiyo Penseli alikuwa tumboni mwa meli, kapiga magoti mbele ya ndoo. Kutoka kule chini kamba huzioni. Alingoja sauti ya mtu wa juu imwambie kamba zimelegea, na sauti ikaja: "Tayari!" Ilikuwa sauti ya mumewe.

Angekuwa baharia mwingine yeyote, angepanda kwenda kuhakikisha kwa macho yake. Kila meli aliyowahi kupima alipanda. Lakini mtu hamkagui mumewe, hasa mbele ya mama yake mzazi.

Ndiyo hapo.

Penseli aliingia chumba cha usukani bila kubisha. Baba yake kashika usukani, kofia kaisogeza nyuma. Tajiri kasimama kando yake na viatu vyake vyenye ncha, bado ana kipaza sauti mkononi. Serahangi hayupo. Kumbe aliitwa akatumwa chini kukagua magari yaliyofungwa, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakununa kutumwa.

"Baba, matangi ya chini yana maji?"

Nahodha hakugeuka. "Shikamoo kwanza."

"Shikamoo baba. Yana maji?"

"Marahaba. Hayana."

"Hayana kwa nini?"

"Niulize mimi," Tajiri akadakia. "Maji ni mzigo, binti. Meli nzito inakunywa dizeli kama ngamia. Kwa nini nibebe maji yasiyolipa nauli? Tumeyatoa yote, na tunakwenda kasi, na injini inapumua. Fundi mwenyewe kafurahi."

"Maji yale ndiyo yanayoishika meli miguu!"

"Sawa. Na nani aliyesema meli inaweza kwenda bila hayo maji? Si hesabu zako?" Tajiri akacheka. "Sahihi pale chini ni ya nani? Ya mke wangu?"

Sahihi ilikuwa ya Penseli. Alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba matangi yakiwa matupu, meli bado ni salama. Alikuwa amelinda meli hii dhidi ya kila kitu isipokuwa uongo wa uzi mmoja.

"Nilikosea," alisema.

Tajiri akaacha kucheka. Nahodha sasa akageuka.

"Rudia."

"Labda nilikosea, baba. Hesabu ni sahihi, kipimo ndicho sina hakika nacho. Hii meli inarudi kwa uvivu mno. Umeiona ilipokaa upande?"

"Nimeiona."

"Na hukusema kitu?"

"Nilidhani ni uzee wangu," Nahodha alisema kwa sauti ya chini, na binti yake hakuwahi kumsikia akitumia sauti ile hata msibani.

"Basi jaza matangi."

"Njoo hapa. Tazama mbele."

Mbele yao maji yalibadilika rangi. Upande mmoja mwamba mweusi, upande mwingine mchanga, na katikati mlango mwembamba. Kupita pale meli lazima ikate kona kali kwenda kushoto, na ikikata kushoto, ghorofa zake zote zinataka kuanguka kulia. Upepo nao ulikuwa umeanza kuchapa bendera.

"Kujaza matangi si kuwasha taa," Nahodha alisema. "Tangi likiwa nusu, maji yanacheza. Meli ikiinama kulia, nayo yanakimbilia kulia, yanaisukuma zaidi. Kama meli ni nzima, nitakuwa nimeitia ugonjwa kwa mkono wangu, mlangoni mwa kona. Kama ni mgonjwa, na nisipojaza..."

Akarudisha macho kwenye mwamba.

"Simamisha basi," Tajiri alisema. Ule utamu wa sauti ulikuwa umemwishia.

"Upepo huu unatupeleka kwenye mwamba. Nikizima injini, tunakuwa kopo linaloelea."

"Geuza turudi!"

"Kugeuka ni kona, Tajiri. Tena kubwa kuliko ile." Nahodha akamtazama binti yake. "Nikifungua maji sasa hivi, matangi huenda yakawahi kujaa, kwa tabu, kabla ya mlango. Nikichelewa, kona itatukuta yakiwa nusu, na hapo bora nisingefungua kabisa. Kwa hiyo usinipe labda. Nipe neno moja. Meli ni nzima au ni mgonjwa?"

"Sijui, baba. Anayejua ni mkweo."

Nahodha akanyakua kipaza sauti mkononi mwa Tajiri kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Serahangi! Chumba cha usukani! Upesi!"

Akaja. Hakuja mbio. Alipanda ngazi moja moja, na alipoingia aliegemea mlango, macho yake sakafuni.

"Funga mlango," Nahodha alisema.

Akageuka kuufunga, ukakataa. Mguu wenye kiatu cha mpira ulikuwa umetangulia kizingitini. Ni mama yake Penseli, kavaa koti la rangi ya chungwa limemfika masikioni, chupa ya chai kwapani, anahema.

"Mke wangu, hapa ni kazini," Nahodha akasema.

"Nami nimo kwenye hiyo kazi yenu. Au mimi nasafiri kwa miguu?"

Akaingia. Hakuna aliyethubutu kumtoa.

Penseli akamsogelea mumewe. Alitaka kumfokea, ila alipouona uso wake sauti ikashuka yenyewe.

"Mama kasema uliikaza kamba ili apande. Sikulaumu kwa hilo. Nataka kujua baada ya hapo. Mimi nilikuwa chini kwenye ndoo. Wewe ukanipigia kelele, tayari. Kabla hujasema tayari, uliilegeza?"

Serahangi akageuzia uso dirishani. "Mambo ya siku nyingi, mama watoto..."

"Uliilegeza?"

"Mama alikuwa ananimiminia chai. Mtu huwezi kuinuka mama mkwe anapokumiminia..."

"Nisikilize, kijana," Tajiri akaingilia, kidole juu. "Fikiri kabla hujajibu. Ukisema vibaya hapa, kesho hakuna meli itakayokuchukua hata kufagia. Na mkeo naye, hakuna kiwanda kitakachompa hata rula ashike. Fikiri vizuri."

Serahangi akamtazama mkewe. Sasa Penseli akaelewa kwa nini mumewe alikuwa akimkimbia tangu siku ile. Alikuwa anamwogopea. Akisema, sahihi ya mkewe inakuwa ya uongo mbele ya watu wote, na maisha yake yote ya penseli yanafutika.

"Mkwe," Nahodha alisema, macho mbele. "Mlango unakuja."

Serahangi akarudisha macho sakafuni.

Penseli akachomoa penseli nywelani. Akailaza juu ya meza ya ramani, katikati kabisa, akaondoa mkono.

Wimbi likaja kutoka kushoto. Meli ikainama, taratibu, kwa upole uleule. Chini abiria wakacheka kwa raha. Penseli ikabingirika mezani, ikafika ukingo wa kulia, ikagonga, tik.

Wote wakaitazama wakisubiri irudi.

Haikurudi.

Tajiri akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kutoka ghorofa ya chini kicheko kimoja kikakatika katikati, kama redio iliyozimwa. Mtoto akauliza kwa sauti, "Mama, mbona dunia imepinda?"

Penseli bado iko ukingoni.

Kisha ikatetemeka, ikageuka, ikaanza kurudi pole, pole, kama isiyotaka.

Mama yake Penseli akaiweka chupa sakafuni. Akasogea mbele ya mkwewe, karibu kuliko heshima inavyoruhusu, akamshika kidevu akamwinua uso.

"Mwanangu, nitazame. Ngazi niliikataa mimi. Chai niliileta mimi, na nikakwambia kaa unywe, itapoa. Kama kuna wa kusemwa, nisemwe mimi. Unaogopa kuniaibisha? Unaogopea jina la mkeo? Tukizama, hizo heshima zetu tutazifunga kwenye kitambaa tuogelee nazo?"

Machozi yakamtoka Serahangi, mwanamume yule mwenye viganja kama magome.

"Nilikuja kujua jioni," alisema. "Tulipofungua kamba meli iondoke gatini. Niliigusa nikaiona imekaza kama ngozi ya ngoma. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho yake ukaja unacheka, mke wangu, unasema hesabu zimetoka nzuri kuliko ulivyotegemea. Nikashindwa."

"Hujajibu," Nahodha alisema. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye usukani, wa pili umeshika simu ya kuitia chumba cha injini wafungue maji, kidole juu ya kitufe. "Sitaki ulivyoiona jioni. Inawezekana uliilegeza tukapima, halafu maji yakapanda yakaikaza tena. Mimi nauliza wakati wa kupima. Chuma kinasukumwa, binti yangu yuko chini anatazama uzi. Ile kamba ya nyuma. Uliilegeza, au hukuilegeza?"

Mwamba sasa ulijaa kwenye kioo. Ungeweza kuona povu likiupanda na kuuteleza.

Serahangi akavua kofia.

"Sikuilegeza, baba," alisema. "Wala ya mbele."